Dang'a Tuliyokula Kanisani

Dang'a, maziwa ya kwanza ya mnyama aliyezaa, ikipata moto haichemki kama maziwa mengine. Inashikana. Inaanza ukingoni mwa sufuria, inakuja katikati, mpaka mwiko unasimama wenyewe, na mwishowe unapata kitu cha manjano, kizito kama mayai yaliyovurugwa, chenye utamu usiohitaji sukari. Nimekila miaka mingi, kila msimu wa kondoo na ng'ombe kuzaa, nyuma ya kanisa letu hapa Sikuda, baada ya ibada, nimeketi pamoja na wazee wenzangu na sahani magotini. Nilimshukuru Mungu kabla ya kula, nikamshukuru tena baada ya kula. Leo nikiukumbuka utamu ule nakasirika, na mtu wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi.

Desturi hiyo niliianzisha mimi.

Zamani watu wa hapa kwetu walikuwa wakimwaga dang'a. Kondoo akizaa, mwenyewe aliyakamua yale maziwa ya kwanza, akayaona ya manjano na mazito kama usaha, akayamwaga kwenye shina la mgomba, kisha akangoja yawe meupe ndipo amruhusu mtoto anyonye. Wengine wakimwaga walitaja majina ya babu zao. Mimi nilikuwa mwalimu wa kanisa, bado nina nguvu, nimetoka kusoma mambo ya dini huko Tororo na vitabu vyangu kwenye sanduku la bati. Niliona makosa mawili: upotevu na mizimu. Nikahubiri juu ya malimbuko. Nikasema cha kwanza ni cha Bwana, iwe hindi la kwanza, yai la kwanza au maziwa ya kwanza. Msiyamwage chini. Yaleteni nyumbani kwa Mungu. Watu wakaitikia amina, na Jumapili iliyofuata mama mmoja akaleta kibuyu. Kina mama wakaniuliza: sasa, mwalimu, tuyafanyeje, si yataharibika? Nikasema, yapikeni, wazee wale.

Hakuna aliyeuliza mtoto wa kondoo atakula nini. Jibu tulikuwa nalo tangu kwa mababu: anafunikwa na tenga asimfikie mama yake, anapewa maji ya uji, anangoja siku mbili. Nilikataza mizimu nikaliacha tenga mahali pake.

Wengine waliishi, ndiyo. Sasa najua waliishi kwa nini. Waliishi katika boma la mtu mvivu. Kondoo alizaa alfajiri, mwenyewe yuko kitandani, na mtoto akajiibia haki yake kabla jua halijatoka. Waliokufa ni wa watu waaminifu, wale walioamka mapema na kibuyu mkononi kwa sababu mimi niliwaambia Mungu anapenda mtu anayetoa bila kuchelewa.

Na katika kanisa letu hakukuwa na mtu mwaminifu kuliko shemeji yangu.

Huyu ni mke wa marehemu mdogo wangu. Ni Mupadhola, mzaliwa wa Sop Sop, upande wa Tororo. Mdogo wangu alipofariki alimwachia mabinti wawili, na shamba ambalo ukoo wetu unalishikilia. Mama mzazi wa shemeji alipoona hivyo akamletea kondoo jike wawili kwa miguu kutoka Sop Sop, safari ya siku nzima na sehemu ya siku ya pili, akamwambia mbele yetu sote: "Hawa ni wako. Si wa mume, si wa ukoo. Wako." Nakumbuka namna alivyozifunga kamba kwenye mti kwa mafundo mawili mawili, kama anayeona macho yetu.

Misimu mitatu kondoo wale walizaa, na misimu mitatu watoto walikufa. Sita kwa jumla. Niliwaona wengine kwa macho yangu. Siku ya kwanza mtoto anatetemeka na mdomo wake ni wa baridi ukimtia kidole. Siku ya pili anasimama amekunja mgongo. Siku ya tatu anaharisha, na jioni amekwisha. Mmoja alifika wiki ya tatu, kisha magoti yakavimba kama ndimu, akawa anatambaa, naye akaenda. Nilikwenda kumfariji kila mara. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikanywa chai yake, nikamwambia ni mapenzi ya Mungu, tuwe na subira. Mimi! Dang'a ya kondoo huyohuyo bado iko tumboni mwangu, namwambia awe na subira!

Ndipo maneno yakaanza. Hayakuanza kwa sauti. Walisema mkono wake si mzuri. Walisema alimmaliza mume, sasa anamaliza mifugo, na akikosa mifugo atatafuta nini? Maneno yakafika kwa ndugu zangu, wakaita kikao cha ukoo, na kikao kikatoka na neno moja: kondoo wakizaa tena na watoto wakafa, mwanamke arudi kwao Sop Sop, mabinti wabaki kwetu, maana ni damu yetu. Mimi ndiye mkubwa katika ukoo. Nilichosema ni kwamba tumpe msimu mmoja zaidi. Niliondoka pale nikijiona mtu wa huruma.

Baraza la wazee wa kanisa nalo likamwita. Mwenyekiti wetu ni mtu wa maneno machache na tumbo kubwa, na alimuuliza, "Mama, malimbuko unayoleta, ni yote?"

"Naleta ninayokamua."

"Yote? Mpaka tone la mwisho?"

Hakuwa mtu wa kusema uongo. Akasema pengine kunabaki kidogo kwenye kiwele, kwa kuwa anamwonea kondoo huruma, chuchu zinauma.

"Ndiyo hayo," mwenyekiti akasema, akatuangalia mmoja mmoja. "Unamtolea Mungu nusu, naye anakujibu nusu." Akamwagiza safari ijayo akamue mpaka kiwele kiwe kama mfuko mtupu, alete kwa kibuyu cha peke yake, tukiombee mbele ya kanisa zima. Sote tukasema ni shauri jema. Nilikuwapo. Nilitikisa kichwa kukubali.

Sasa nieleze siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, na serikali ilikuwa imetuma daktari wa mifugo kutoka Tororo kuja kuchanja mbuzi. Walichagua uwanja wa kanisa kwa sababu ndio wenye ua. Alikuja kwa pikipiki, msichana mwembamba mwenye viatu vya mpira, na dawa zake zilikuwa kwenye sanduku la barafu lililonuka samaki wa Majanji kule ziwani mpaka mbuzi wenyewe wakageuza pua. Alifanya kazi haraka na kwa utani. "Mzee, shika huyu vizuri, ni mkorofi kama mwanasiasa," aliniambia, na mimi nikashika.

Mnamo saa tatu alinawa mikono akaenda nyuma ya kanisa kutafuta kivuli. Huko kina mama walikuwa na moto tayari na sufuria kubwa, wakipika dang'a za juma lile, za kondoo na za ng'ombe. Shemeji yangu alikuwa amepita muda mfupi kabla na kibuyu chake. Kondoo wake mmoja alikuwa amezaa mapacha alfajiri hiyo. Kibuyu nilikuwa nimekifungia ndani ya chumba cha vifaa kingoje maombi ya Jumapili, na ufunguo ulikuwa kwenye koti langu.

Daktari alichungulia sufuria. "Hii ni nini, kina mama? Hii si dang'a?"

"Ni malimbuko, daktari. Karibu, utaonja."

"Na watoto wake je?"

"Watoto gani?"

"Watoto wa hawa kondoo. Nao wameonja?"

Kina mama wakacheka. Mmoja akamwambia kwamba maziwa haya ni machafu kwa mtoto, yanamharisha, yeye anangoja meupe. Nilitegemea daktari acheke pamoja nao. Alisimama tu akaitazama ile sufuria, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeona nyumba inaungua, wenyewe wameketi mbele yake wakiota moto.

"Kuna aliyezaa leo?" akauliza.

Nikamwambia ni wa shemeji yangu. Akasema twende.

Tuliwakuta chini ya tenga. Shemeji aliinuka, akanisalimu, akamkaribisha daktari, akalifunua tenga kwa uangalifu kama anayefunua mkate. Mapacha walilala wamebanana. Mmoja aliinua kichwa. Mwingine hakuinua. Mama yao alikuwa amefungwa hatua tano kutoka pale, anaita, na kiwele chake kilikuwa kimesinyaa kama mfuko mtupu, kama shemeji alivyoagizwa.

Daktari alitia kidole mdomoni mwa yule wa pili. Akaniuliza bila kugeuka, "Mzee, nani hapa jirani ana kisukari?"

"Mimi."

"Una kipima sukari?"

Nilikuwa nacho mfukoni, nacho hunifuata kila mahali. Vile vijiti vya kupimia navinunua Busia ya Kenya, kwa kuwa huko havikosekani. Nikampa. Alimtoboa mtoto sikioni, akapata tone, akaliweka kwenye kijiti, tukangoja. Kipimo kile kila asubuhi hunisuta mimi kwa wingi wa sukari. Sikuwahi kuona kinakosa cha kusema. Safari hii hakikutoa namba. Kilitoa herufi mbili tu, na daktari akasema maana yake ni kwamba sukari iko chini mpaka chombo kinashindwa kuihesabu.

Kisha alichukua damu kidogo shingoni mwa kila mmoja, akaiweka kwenye vichupa vidogo, akavitia ndani ya shati lake vipate joto. Alipovitoa, damu ilikuwa imeganda chini na juu yake kumebaki maji ya manjano. Alitoa kifaa kama kipande cha darubini, akadondosha tone la maji yale kwenye kioo chake, akaangalia juani, kisha akanipa mimi niangalie. Ndani niliona mwanga juu, kivuli chini, na mstari unaovitenganisha.

"Mstari uko wapi, mzee?"

"Chini kabisa."

"Hiyo ndiyo protini ya damu. Haina kitu. Ni maji tu."

Ndipo akatueleza, akiwa amechuchumaa na mtoto mapajani, akimsugua kwa kanga ya shemeji. Alisema mwanamke akibeba mimba, kinga yake inampitia mtoto tumboni, mtoto anazaliwa na silaha. Kondoo hayuko hivyo. Kondo lake la nyuma halipitishi kinga. Mwana-kondoo anazaliwa na damu tupu, hana kinga hata ya ugonjwa mmoja, hana akiba ya sukari wala mafuta ya kumpa joto zaidi ya saa chache. Vyote hivyo mama yake amevikusanya mahali pamoja, kwenye dang'a, ndiyo maana ni nzito na ni ya manjano. Mtoto akiinywa, utumbo wake uko wazi kama mlango wa nyumba yenye sherehe, unapokea zile protini nzimanzima na kuziingiza kwenye damu. Saa zinavyokwenda mlango unafungwa. Siku moja tu ikipita, hata ukimpa ndoo nzima, zinapita tumboni na kutoka.

"Na maziwa meupe ya siku ya tatu?" shemeji akauliza.

"Hayo ni chakula, mama. Dang'a ni damu anayoongezewa."

Shemeji alikaa chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Sita." Hakuniangalia, na ningependa angeniangalia.

Daktari akauliza kibuyu kiko wapi. Hapo nilikumbuka ufunguo, nikaondoka bila kuaga. Mimi hutembea na fimbo, lakini sikumbuki kama siku ile iligusa ardhi. Nilifika kanisani, nikafungua chumba, nikakichukua kibuyu. Kilikuwa bado na uvuguvugu. Nilipogeuka, mwenyekiti alikuwa mlangoni.

"Mwalimu, unakipeleka wapi?"

"Kwa wenyewe."

"Wenyewe akina nani? Kimeshatolewa. Weka chini."

"Nitakiweka chini tumboni mwa mwana-kondoo."

"Mwalimu! Hiyo ni mali ya Bwana."

"Na mwana-kondoo ni mali ya nani? Ya shetani?"

Akaupanua mkono wake mlangoni. Ni mtu tuliyekula naye sahani moja miaka yote ile. Akasema taratibu, kama anayemwonea mgonjwa huruma, kwamba kuchukua kitu cha madhabahu ni wizi, tena wizi wa kumwibia Mungu, na mimi ndiye niliyewafundisha hivyo. Ilikuwa kweli. Ndiyo iliyonichoma. Nikamwambia, "Niliwafundisha vibaya, na wewe ulinenepa. Toka mlangoni." Sijawahi kumwambia mtu mzima maneno kama hayo, wala sijayatubia hadi leo, Mungu anisamehe. Akatoka mlangoni. Nilipopita kwenye sufuria niliona dang'a nyingine zote zimeshashikana. Nikamuuliza mama aliyekuwa akikoroga kama kuna hata kikombe kibichi. Hakukuwa na hata kikombe. Daktari alikuwa ameniambia ikishapikwa kinga yote imekufa, imebaki chakula cha wazee.

Tukaiweka dang'a kwenye bakuli, bakuli ndani ya maji ya moto mpaka ikawa na joto la mwili. Daktari aliingiza mrija mwembamba mdomoni mwa yule dhaifu, akaupitisha taratibu mpaka tumboni, akamimina kwa bomba la sindano, kidogo, anangoja, kidogo. Yule mwenye nguvu alinyonya kwenye chupa ya soda yenye chuchu ya mpira. Kisha tukamfungua mama yao. Alikuja mbio, akawanusa mkiani mmoja baada ya mwingine, akaanza kutoa ile sauti ya chini ambayo kondoo huitoa kwa watoto wake peke yao. Kiwele kilichosinyaa kilikuwa kimeanza kurudisha kidogo. Wakasukuma kwa vichwa, wakakipata.

Kesho yake mchana, ibada imekwisha, daktari alirudi kama alivyoahidi. Kanisani siku hiyo hakukuwa na kibuyu cha kuombea, na mwenyekiti alitangaza tu kwamba jambo hilo limeahirishwa. Sufuria ilipakuliwa kama kawaida. Sikula. Tulipofika kwa shemeji, tenga lilikuwa limeanikwa juu ya paa la jiko na mapacha walikuwa wamesimama. Daktari alichukua damu tena. Kipima sukari changu kilitoa namba safari hii, namba nzuri, nzuri kuliko yangu. Na nilipoangalia kwenye kile kifaa, mstari ulikuwa umepanda. Nilikiondoa jichoni, nikakipangusa, nikaangalia tena. Ulikuwa umepanda kweli. Jana damu ile ilikuwa maji. Leo mama yake yumo ndani yake.

Alibeba kichupa kimoja hadi maabara Tororo, na siku ya pili akanipigia simu. Alisema kuna kimeng'enya fulani ambacho dang'a ya kondoo inakijaza, na sasa damu ya mtoto imejaa nacho. "Ingekuwa ni damu yako, mzee, ningesema ini lako limeharibika. Kwa mwana-kondoo wa siku moja nasema asante Mungu, huyu amenyonya."

Nami nikasema asante Mungu, na nilimaanisha. Lakini watoto wale walivyozidi kuruka ndivyo hasira yangu ilivyozidi. Nilikuwa nakwenda kuwatazama kila jioni. Walipanda juu ya mgongo wa mama yao, walianguka, walikimbia bila sababu kama kondoo wadogo wote wafanyavyo, na kila waliporuka niliwaona wale sita. Wale nao walikuwa wazima. Hawakuwa na ugonjwa, hawakuwa na laana, na mwanamke yule hakuwa na mkono mbaya. Tuliwala. Tuliwala wakiwa kwenye sufuria, kisha tukamuuliza mama huyu amewapeleka wapi.

Niliwaita ndugu zangu nikawaambia lile neno la Sop Sop limekwisha, na atakayelifufua alifufue mbele yangu. Kidogo walinung'unika, lakini watoto wazima walikuwa uwanjani wanaonekana.

Alhamisi baraza la wazee likakutana, na mchungaji alikuwapo. Ni kijana mpole, anapenda amani. Nilieleza yote. Nikawakumbusha pia kwamba sheria ya kale ya sadaka, tuliyoisoma sote, inaagiza mzaliwa wa kwanza wa kondoo akae na mama yake siku saba kabla ya kutolewa. Siku saba! Iliandikwa pale muda wote. Nimeisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote katika kanisa lile na haikunisimamisha.

Mchungaji alishukuru. Akasema basi tutangaze kwamba kuanzia sasa maziwa yaletwe baada ya siku ya nane, na yatabarikiwa vilevile.

"Na shemeji yangu?" nikauliza.

"Anafurahi, si ndiyo? Watoto wake wamepona."

"Tumwambie nini kwa wale sita? Na kwa jina lake?"

Mwenyekiti akakohoa. Akasema tusifukue mambo. Mchungaji akasema kwa upole, "Mwalimu, hatukujua. Mungu hamhesabii mtu asilolijua."

"Yeye tulimhesabia," nikasema.

Mmoja alifungua Biblia yake akaanza kutafuta kitu ambacho nadhani hakikuwamo. Tulifunga kwa sala, na katika sala ile jina la shemeji halikutajwa.

Nilikwenda kwake moja kwa moja. Nilimkuta anapalilia maharage. Nikamwambia, nikiwa nimesimama, kwamba Jumapili nitasimama mbele ya kanisa zima, wakitaka wasitake, nimwombe msamaha.

Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari. Kisha akasimama, akaegemea jembe. "Shemeji, kanisani nani alisema mimi ni mchawi?"

"Kanisani? Hakuna aliyesema hivyo."

"Sasa kanisani utamjibu nani?"

"Basi yalisemwa wapi?" nikauliza.

"Yalisemwa kisimani," akasema. "Kila asubuhi. Nenda kisimani."

"Mimi? Mwanamume, mzee, nikasimame kwenye foleni ya wanawake?"

"Maji yake mnayanywa," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Basi nilikwenda. Jumamosi asubuhi nilivaa koti langu la kanisa, nikashika fimbo, nikaenda kwenye kisima cha pampu. Kulikuwa na jerikani za manjano zimepangwa mstari mrefu, na wenyewe wameketi juu yake wanaongea. Waliponiona, mmoja akaanza.

"Mwalimu! Jerikani iko wapi?"

"Ameleta koti, atateka maji na koti."

"Mke wake amemfukuza leo, mwacheni. Mwalimu, wewe unakuja kuoga?"

Niliwaacha wacheke mpaka wakaishiwa. Kisha nikawaambia. Sikuhubiri. Nilisema kondoo wa shemeji yangu walikufa kwa sababu walinyimwa dang'a, na walinyimwa kwa amri yangu, na dang'a yenyewe niliila mimi. Nikasema mkono wake hauna kosa, na kama hapa kuna aliyesema una kosa, alisema uongo. Mwanamke aliyekuwa kwenye mpini wa pampu aliacha kupiga.

"Mwalimu, sisi tulikuwa tunaongea tu," mmoja akasema.

"Kuongea tu kulitaka kumtoa kwa watoto wake," nikasema. Nadhani nilipaza sauti, maana mtoto mmoja mgongoni aliamka akalia.

Kulikuwa na bibi kizee mbele ya mstari, amekaa juu ya dumu lake dogo. Aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu. Na wangu?"

"Wako wepi, mama?"

"Mwaka ule wa mvua nyingi. Walikuwa wawili, mmoja mweupe. Nilileta dang'a kwa kikombe, wewe mwenyewe ukanipokea mlangoni. Nao?"

"Hao pia," nikasema.

"Basi na mimi uniombe."

Nikavua kofia, nikamwomba. Nilipomaliza, yule wa nyuma yake akasema wake ni ndama, ndama dume, na anayefuata akasema yeye hakumbuki ni wangapi lakini nimwombe tu. Mpini ukaanza kupigwa tena na jerikani zikaanza kusogea, na kila jerikani iliyosogea ilileta mwenye wafu wake. Nilisimama pale juani nikiomba msamaha, mmoja mmoja, na hasira haikunitoka. Nilizidi kushangaa ni wengi kiasi gani.

Shemeji alifika mstari ukiwa umefika katikati, na jerikani mbili mikononi. Misimu yote ile walikuwa wakimpisha achote kwanza, awaondokee upesi, asisimame karibu na watoto wao. Siku ile alikwenda moja kwa moja mbele kama alivyozoeshwa. Bibi kizee, aliyekuwa ameshachota lakini hajaondoka, akamzuia kwa fimbo.

"Wewe unakwenda wapi? Huoni watu? Mstari unaanzia nyuma."

Shemeji aliitazama ile fimbo, akanitazama mimi. Kisha akageuka, akaenda nyuma, akaziweka jerikani zake chini, akakaa juu ya moja. Aliyekuwa mbele yake akasogea kidogo, akamuuliza kama ni kweli mapacha wameanza kula majani.